Itoka Kwenye Ukingo wa Nyasi

Nyumba tuliyopewa mjini Nyeri ilikuwa na nyasi mbele, hatua kumi na tano kwa hatua tisa. Nilizipima siku ya kwanza, kabla sijaingia kuona jikoni. Jikoni nilijua ningekaa miaka mingi, kwa hiyo hakukuwa na haraka.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Aliyeishi humo kabla yetu alikuwa mzungu wa serikali. Alirudi kwao, akatuachia ua wa kayaba uliokatwa vizuri, vyuma vya mapazia visivyo na mapazia, na hizo nyasi. Ni zile nyasi nene zinazotambaa, za huku kwetu, ambazo wazungu waliziita kwa jina la kabila letu na kuzipanda kila walipojenga. Mume wangu alikuwa karani katika ofisi ya wilaya. Masharti ya nyumba yalisema uwanja uwe nadhifu wakati wote. Hayakusema ni nani atakayeutunza. Hilo halikuhitaji kuandikwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, cheti cha kidato cha nne ndani ya bahasha, na mtoto wa kike wa miezi saba. Barua ya kuniita chuo cha ualimu ilifika wiki ile ile niliyoanza kutapika asubuhi. Mume wangu alisema chuo hakitaenda popote. Kweli hakikwenda popote, na mimi pia sikwenda. Nasema haya mapema ili ijulikane nilishika jembe nikiwa katika hali gani. Watu husema bustani hutuliza moyo. Yangu haikunituliza. Ilinipa tu mahali pa kupiga.

Shuleni tulikuwa na mwalimu wa sayansi kimu aliyetufundisha bustani kwa ukali ule ule aliotufundishia kupiga kola pasi. Usichimbe kabla hujachora, alisema. Basi nikachora. Nilichukua daftari la hesabu lenye miraba, nikafanya kila mraba uwe wayo mmoja, nikazunguka uwanja nikiweka kisigino mbele ya vidole, mtoto mgongoni. Majirani wawili walikuwa wakinitazama juu ya kayaba. Mmoja alimwambia mwenzake, bila kupunguza sauti, "Ati huyu anapima kaburi ya nani?"

"Ya bwana yake," akasema wa pili. "Angalia hiyo uso."

Uwanja mdogo hauvumilii vitu vingi. Hilo ndilo la kwanza. Mzungu, au mke wake, alikuwa ameweka duara la mawaridi katikati kabisa ya nyasi, kama kitufe kwenye tumbo la koti. Nililing'oa nikayahamishia mawaridi kando ya mlango. Uwanja ukapanuka bila kuongezwa hata wayo mmoja. Katikati pakiachwa wazi, jicho linapata pa kutembea. Maua yakae pembeni, kwenye ukingo, na ukingo wenyewe usiwe mwembamba. Chini ya hatua moja na nusu mimea haina la kufanya ila kusimama mstari mmoja kama watu wanaongoja kuhesabiwa.

Mstari mmoja siupendi. Nimekulia kwenye kijiji cha hali ya hatari, tulikokusanywa na serikali ya mkoloni, ambako nyumba zilipangwa kwa kamba, safu baada ya safu, handaki kuzunguka na mlinzi juu ya mnara. Kwa hiyo ukingo wangu nilitaka upinde. Uende kando ya ua wa kayaba, upande mrefu, kisha ukate kona upite chini ya dirisha la sebule. Nilitandaza kamba ya kuanikia nguo za mtoto juu ya nyasi kuchora umbo lake. Nikaipinda, nikaingia ndani kuitazama kutoka dirishani, nikatoka nikaipinda tena. Ukingo hupangwa kutoka dirishani. Anayepita njiani anauona mara moja. Wewe uliyefungiwa ndani na mtoto unauona kutwa.

Mimea ya nyuma niliipata kwa kuomba. Kana nyekundu zilitoka kwa mke wa mhasibu, na dalia zilitoka kwa mwanamke aliyesema dalia haziwezi kushika kwangu kwa sababu mkono wangu una hasira. Zilishika. Mirefu ikakaa nyuma, karibu na kayaba. Katikati nikapanda jeraniamu za vipandikizi, kila moja kwa nafasi ya kutosha, nafasi ya mmea utakavyokuwa na si ulivyo siku hiyo. Hapo ndipo watu wengi hukosea. Wanaona udongo mtupu, wanaona aibu, wanajaza, na baada ya mwaka wana kichaka.

Lakini mbele kabisa, pale nyasi zinapokutana na udongo, sikuwa na kitu. Mbele panahitaji mmea mfupi, wa aina moja, unaorudiwa kutoka mwanzo hadi mwisho ili ushike ukingo wote pamoja. Na mpindo wa kamba bado ulikuwa unanikataa. Kila nikiupinda, unafanana na nyoka aliyechorwa na mtoto.

Pasaka ile tulienda Mukurweini kwa mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa mjane, mfupi, mwenye maneno machache, na kitambaa cheupe cha chama cha akina mama wa kanisa kichwani hata akiwa anakamua ng'ombe. Mtoto wangu ndiye aliyepewa jina lake, kama desturi yetu ilivyo kwa binti wa kwanza, kwa hiyo alimwita wajina, na mimi akaniita mama ya wajina. Jina langu sidhani aliwahi kulitumia. Shamba lake lilipakana na la shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye sisi tulimwita baba mdogo. Kwenye ramani ya serikali lilikuwa shamba moja. Wale ndugu wawili waligawana wenyewe, mbele ya wazee, bila karani wala karatasi.

Jumamosi ya Pasaka mama mkwe alienda kupamba kanisa. Mume wangu alienda sokoni kusalimia watu. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na nilipotoka na mtoto mgongoni kumtuliza, niliona maua. Yalikuwa yamesimama kwenye mstari mmoja usio mnyoofu, kutoka kisiki cha mti wa muringa, kando ya safu ya mwisho ya kahawa, hadi chini karibu na kijito. Maua makubwa, meupe, kila petali na mstari wa waridi katikati, majani mapana yaliyolala ardhini kama mikanda. Hakuna aliyeyapalilia. Yalijipanda kwa nafasi sawa, au ndivyo nilivyodhani, moja kila baada ya hatua mbili. Mstari wenyewe ulikwenda moja kwa moja kidogo, ukapinda kukwepa jiwe, ukapinda tena polepole, kisha ukakata kona.

Ndio mpindo niliokuwa nikiutafuta mwezi mzima.

Nilirudi ndani nikachukua daftari langu la miraba, nililokuja nalo. Nilitembea kutoka kisiki hadi mwisho nikihesabu, hatua sitini kamili. Nikachora. Hatua moja ya shamba ingekuwa wayo mmoja wa uwanja wangu, na nyayo sitini ndizo zilizozunguka pande zangu mbili. Niliweka nukta kwa kila ua. Kisha nikaenda stoo, nikachukua jembe na gunia, nikayang'oa yote.

Nilipaswa kujua. Kila mtu aliniambia hivyo baadaye, kwa hiyo nilimalize hapa. Zile zilikuwa itoka. Kwetu itoka haipandwi kwa uzuri. Wanaume wakigawana ardhi, wazee huipanda mpakani, kwa sababu haifi. Iungue moto, ikanyagwe na ng'ombe, ikija mvua inatoka pale pale. Haing'olewi. Mtu anayeing'oa itoka usiku anaogopwa kuliko anayeiba mbuzi. Mimi niliing'oa mchana, nikiimba kumlaza mtoto. Baba yangu angenionyesha, lakini miaka ambayo wasichana huonyeshwa mambo hayo, sisi tulikuwa ndani ya kijiji kile kilichozungushiwa handaki, ambako hakuna mtu aliyekuwa na mpaka wa kuonyesha. Kutoka hapo nilikwenda bweni. Shuleni nilifundishwa kugawa viazi vya maua kwa kisu safi.

Na nilifanya kazi safi. Hilo ndilo lililoharibu zaidi. Ningeacha mashimo wazi kama mtu mzembe, mashimo yangesema. Niliyajaza moja moja, nikayashindilia kwa mguu, nikasawazisha kwa mgongo wa jembe. Mke wa baba mdogo alipita na mzigo wa majani ya ng'ombe, akasimama, akatazama gunia, akaenda zake bila salamu. Nilifikiri hanipendi.

Tulipokuwa tunapanda basi la kurudi, mume wangu alilibeba gunia kulipandisha juu ya paa.

"Ni nduma?"

"Ni maua."

Alifungua mdomo wa gunia, akachungulia, akaufunga. "Ni mazito," akasema. Basi.

Itoka zilikaa ukingoni kwangu kana kwamba zilizaliwa hapo. Nilikata nyasi kwa panga kufuata ile kamba, sasa ikiwa imelazwa kwa nukta za daftari, nikachimba kijifereji cha kina cha kiganja kati ya nyasi na udongo, kwa maana nyasi zile zisipokatiwa zinarudi kama mgeni asiyejua kuaga. Nikaweka samadi, nikapanda kiazi kimoja kila baada ya nyayo mbili, shingo juu kidogo ya udongo. Nikatandaza maganda ya kahawa kuzuia magugu. Nilipotazama kutoka dirishani, kwa mara ya kwanza tangu mtoto azaliwe, niliona kitu nilichokipanga kikiwa kama nilivyokipanga.

Wiki hiyo hiyo mama wa maziwa alikuja, mwanamke mzee kutoka vijiji vya karibu aliyetuletea chupa mbili kila asubuhi. Kwa kawaida alikatiza nyasi moja kwa moja hadi mlangoni. Asubuhi hiyo alifika kwenye ukingo, akasimama, akageuka, akazunguka nyumba yote kupitia upande wa jikoni.

"Kuna nini, mama?"

"Hakuna kitu." Alimimina maziwa. Kisha akacheka, meno machache. "Kwani serikali imekugawia shamba? Na wazee walikuja lini? Si ungeniita nikule nyama ya mbuzi."

"Ni maua tu, mama."

"Eeh. Maua." Alifunga chupa yake. "Mimi nitakuwa nikipitia huku."

Nilidhani ananicheka kwa kuwa na bustani. Nilikuwa nimezoea.

Mwezi wa saba, baridi ile ya Nyeri ya ukungu na manyunyu ikiwa imekaa, mama mkwe alifika bila kutuma habari. Alikuwa na kikapu cha ndizi na mwavuli. Hakubisha. Nilimwona kupitia dirishani, amesimama juu ya nyasi, anatazama ukingo. Alitembea kando yake polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, akafika kona ya dirisha, tukatazamana kupitia kioo.

Nilitoka na mtoto. Hakumpokea. Ndipo nilipojua kuna jambo.

"Hizi ulitoa wapi?"

"Kwako, mama. Pasaka."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

Alikaa kwenye ngazi ya mlango, kikapu magotini. Akaniambia kwa sauti ile ile aliyotumia kusema ng'ombe amekataa kula. Baba mdogo alikuwa amechimba mstari mpya. Ulipita upande wa huku wa safu ya mwisho ya kahawa, na safu yote, mashina kumi na manane, sasa ilikuwa kwake. Marehemu ndiye aliyeipanda, mwaka ule Waafrika waliporuhusiwa kulima kahawa huko kwao, na alikufa haijazaa vizuri. Mama mkwe aliilea peke yake, alibeba samadi kwa mgongo. Mwaka huu ilikuwa imebeba kama haijawahi kubeba. Alipomuuliza shemeji yake, alijibiwa: kama mpaka si huu, nionyeshe itoka.

"Nikaenda kuonyesha," alisema mama mkwe. "Nikakuta pamepigwa pasi."

Nilimweleza kijiji, bweni, mwalimu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo shule yote hiyo," akasema, "na hakuna mtu alikuambia hii."

Mume wangu alirudi saa saba kula. Aliposikia, alivua kofia, akanigeukia mbele ya mama yake. "Ungeniuliza mimi."

"Ulichungulia gunia."

"Sikujua ni itoka."

Alikuwa amekulia kwenye shamba lile. Alikuwa ameziruka tangu ajue kutembea. Mama yake alimtazama, akatazama kofia, akaomba chai. Ugomvi wetu kuhusu hilo ulidumu miaka, nami sitauandika hapa kwa kuwa hakuna aliyeshinda.

Mama mkwe alipokuwa anakunywa chai, nilimletea daftari. Hakujua kusoma, lakini nilimwonyesha: hiki kisiki, hili jiwe, hii kona, hiki kijito. Nukta thelathini. Aliweka kidole kwenye kisiki akakipeleka taratibu mpaka kijitoni, bila kukosea hata mpindo mmoja.

"Hii ni yeye," akasema. Alimaanisha mumewe. "Alikataa kuhamisha lile jiwe. Akasema mpaka uzunguke."

Jumamosi iliyofuata nilizing'oa tena, mara hii kwa uma, polepole, udongo ukiwa umeshikamana na mizizi, nikazifunga ndani ya gunia lile lile. Ukingo ulibaki na mashimo thelathini mbele ya jeraniamu. Mume wangu alikuwa na kazi ofisini. Nilipanda basi na mtoto na gunia, na daftari ndani ya blauzi.

Wazee waliokuja walikuwa wawili, wale waliobaki hai kati ya walioshuhudia mgawo. Mmoja alikuwa mzee wa kanisa, mwenye koti refu. Wa pili alikuwa haoni vizuri na alisema kwa sauti kubwa ili kufidia. Baba mdogo alisimama kwenye mstari wake mpya, mikono nyuma. Alikuwa amepalilia eneo lote la zamani, hakuna hata jani moja lililosalia. Mtu hapalilii hivyo mahali asipopaogopa.

"Mtoto wa shule amekuja," akasema. "Leo ameleta kijiko au jembe?"

Nilitoa daftari. Yule wa koti alilipokea, akaligeuza juu chini, akanirudishia. "Hii ni kitabu ya hesabu."

"Nilichora kabla ya kung'oa. Kila nukta..."

"Ng'o!" akasema yule asiyeona. "Mwanamke haongei mambo ya mpaka. Kwanza huyu ndiye aliiharibu. Angekuwa mwanaume tungekuwa tunaongea mengine."

 Baba mdogo alitabasamu akitazama udongo. Ndipo mama mkwe aliposema, bila kuinua sauti, "Sawa. Asiongee. Atembee."

Walitazamana. Hakuna desturi iliyomkataza mwanamke kutembea.

Nilimkabidhi mtoto kwa bibi yake, nikasimama kwenye kisiki, nikaanza. Hatua mbili. Nikasimama. Mzee wa koti alipiga jembe, likazama hadi mpini. Udongo ule ulikuwa umewahi kuchimbwa. Hatua mbili tena, likazama kidogo. Hatua mbili tena, likagonga. Udongo mgumu, mwekundu, usioguswa. Mbele zaidi, likagonga tena.

"Ona sasa," alisema baba mdogo. "Mara ya kwanza ni bahati. Hata fuko angepata moja."

Nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikuona mbele. Nilikuwa na hakika na nukta zangu. Nilirudi kwenye kisiki, nikaangalia daftari, nikaangalia miguu yangu. Mtoto alikuwa analia mikononi mwa bibi yake, ananyoosha mikono, na ndipo nilipoelewa. Siku ile ya Pasaka nilikuwa naye mgongoni. Mwanamke aliyebeba mtoto anatembea hatua fupi, na mwaka ule wote, kabla ya asubuhi hiyo, sikuwa nimetembea kwa hatua nyingine.

"Nipe huyo, mama."

Nilimfunga mgongoni kwa shuka. Alikuwa amekuwa mzito tangu Pasaka, kwa hiyo nilijikaza nisifupishe kupita kiasi. Nikaanza upya. Hatua mbili. Mbili. Mbili. Mzee wa koti akapiga pale pa tatu, na jembe likaingia kama kwenye uji. Alipoinua, lilikuja na kipande cha kiazi cha itoka nilichokivunja mwenyewe Pasaka, na juu yake kichipukizi cheupe, urefu wa kidole, kilichokuwa kinatafuta juu.

Yule asiyeona aliomba apewe. Alikipapasa, akakinusa.

"Hii ni yenyewe," akasema. "Endelea, mama."

 Nilitembea hatua mbili, nikasimama, wakachimba. Tulifika kwenye jiwe, nikalizunguka kama nilivyolizunguka siku ile, na nyuma yake, pale ambapo mtu asingedhani mpaka unapita, jembe likazama tena. Baba mdogo aliacha kutabasamu kwenye jiwe. Kwenye kona alianza kusema kwamba yeye alikuwa anapalilia tu, kwamba aliamka akakuta hakuna mpaka akafuata macho, kwamba mtu hawezi kulaumiwa kwa macho yake.

"Macho yako yako na njaa," alisema mama mkwe.

Hatua nane za mwisho, karibu na kijito, hatukupata kitu. Baba mdogo alikuwa ameshachimba mashimo ya migomba hapo, makubwa, mpaka udongo wa chini ukawa juu. Kila mahali jembe lilizama, kwa hiyo hakuna lililothibitika. Niliwaonyesha nukta nne za mwisho kwenye daftari. Mzee wa koti hakuzitazama. Waliteta pembeni. Waliporudi walisema mashina kumi na tano ya mama mkwe, matatu ya mwisho ya baba mdogo, na watu wapeane mikono.

Nilitaka kusema. Mama mkwe alinishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, na akaushikilia mpaka nikaacha kutaka.

Kupanda pia hakukuwa kazi yangu. Itoka hupandwa na wazee. Mimi nilikaa na gunia, nikawapa moja moja. Mzee wa koti alikuwa anazipanda kina kirefu mno, shingo ikizikwa, na zingechelewa kutoa maua. Nilimwambia. Ndilo jambo pekee nililowaambia wazee tangu wanikataze kusema, na alilifuata.

Tulipomaliza, mama mkwe aliniomba daftari. Alilifunga kwenye kitambaa, akaliweka kwenye sanduku la bati pamoja na kadi yake ya ubatizo na picha moja ya mumewe. Mpango wangu wote wa bustani ulikuwa humo, dalia, kana, vipimo vya dirisha, kila kitu. Sikulipata tena. Kule Nyeri nilijaza mbele ya ukingo kwa majani mafupi ya kijivu niliyoyatoa kando ya barabara, kwa kukisia, na mpindo ulibaki ule ule kwa kuwa kijifereji kilikuwa kimeshakatwa. Mama wa maziwa alirudi kukatiza nyasi.

Mwezi wa kumi na moja nilienda Mukurweini kusaidia kuchuma. Mama mkwe alinipa ile safu, akachukua upande mmoja wa kila shina, mimi mwingine. Mtoto alikuwa ameanza kutembea na alikuwa anaokota tunda lililoanguka na kulitia kikapuni kwa uzito wa mtu anayelipwa.  Alinionyesha mara moja tawi nililoliruka.

Baada ya shina la kumi na tano aliinua kikapu chake. Mashina matatu ya mwisho yalikuwa yameiva, mekundu tele, mengine yameanza kukaukia mtini. Hakuna aliyeyagusa. Itoka moja ilikuwa imesimama kati yetu nayo, jani lake refu limelala kwenye udongo wa upande wetu.

"Hajui hata kuchuma kwa wakati," alisema mama mkwe. Akageuka kupanda mlima na kikapu.

Mtoto alikuwa amefika kwenye itoka, amenyoosha mkono kwenye tawi la karibu. Nilimshika kiunoni, nikamrudisha upande wetu.